Ufunguo wa Zamu

Miaka ile, simu ikianguka ndani ya kreta ya Ngorongoro ikakanyagwa na gurudumu la gari la watalii, au ikitumbukia kwenye ndoo ya maji ya kufulia huko Qurus, watu wa Karatu walikuelekeza mahali pamoja tu: kibanda cha bluu ng'ambo ya stendi, kwa Hilary. Alikuwa mtoto wa wakulima wa maharage na mahindi aliyekwenda Arusha kujifunza ufundi kwa miaka miwili, akarudi na mkoba wa bisibisi na mashine ya kupulizia hewa ya moto ambayo hakuna fundi mwingine wa mji ule aliyekuwa nayo. Madereva wa utalii walimngoja wakiwa wamesimama, kofia mkononi, kama watu waliomleta mgonjwa. Simu ikiwaka, hakusema kitu. Aliisukuma tu juu ya kioo cha meza na kuwaacha wao waseme. Maneno yao yalimtosha kwa siku nzima.

Mke wake, Germana, alifanya kazi mapokezi katika lodge moja ya watalii kwenye barabara ya kupandia geti la Ngorongoro. Walikuwa na binti mmoja, Anneth, wa darasa la tatu. Nyumba yao ilikuwa na amani ya kawaida, ile ambayo mtu haitambui mpaka ivurugike.

Ilianza kwa swali dogo. Siku moja ya mapumziko Germana alikuja kibandani na chakula, akaketi kumtazama mumewe akipakia mfumo upya kwenye simu ya dereva kwa kutumia laptopu yake kuukuu.

"Baba Anneth," akasema, "hizi programu za kwenye simu, watu wanazitengenezea wapi?"

"Huko kwao. Viwandani."

"Kiwanda cha programu kinafananaje?"

Hilary akacheka, akamwambia asogeze sahani isije ikamwagikia waya. Ukweli ni kwamba hakujua. Alikuwa amefungua maelfu ya simu na hajawahi kujiuliza.

Germana aliendelea kuuliza, ila si kwa mumewe tena. Akagundua kwamba kiwanda hakipo. Kilichopo ni kitu kinachoitwa SDK, furushi kubwa la zana ambalo wenye mfumo wa simu wanaligawa bure kwa yeyote anayetaka kuunda programu. Ndani yake mna vipande vilivyokwisha kutengenezwa, cha kuita kamera, cha kutuma ujumbe, cha kusoma saa. Mna mtambo wa kugeuza maandishi ya mtu kuwa programu kamili. Mna hata simu ya bandia inayowaka ndani ya kioo cha laptopu, ya kujaribia kazi kabla hujaiweka kwenye simu ya mwenzio. Alimweleza mumewe haya yote wakiwa mezani, macho yanang'aa.

"Ni kama sanduku lako la vifaa," alisema. "Tofauti ni kwamba wewe unafungua simu, na hili linafungua kilichomo."

Hilary akasema ni vizuri. Usiku ule hakuwa na wivu bado. Alikuwa na kitu kidogo tu, kama punje ya mchanga ndani ya kiatu.

Germana alipakua SDK kwa mtandao wa lodge, saa za chakula cha mchana, kwa muda wa siku kumi na moja, maana mtandao ulikatika na kumrudisha nyuma mara kwa mara. Laptopu ya Hilary ikaanza kusafiri kila asubuhi kwenda lodge ndani ya mfuko wa kanga. Alimtania: "Siku hizi laptopu inakula kazini kwako na kulala kwangu." Baada ya wiki tano Germana alimwomba simu yake, akaichomeka waya, akabonyeza vitu fulani. Kwenye kioo ikatokea alama ndogo ya kijani. Hilary akaigusa. Ukurasa mweupe ukafunguka, katikati yake pameandikwa: *Habari za kazi, Baba Anneth.*

Hiyo ndiyo ilikuwa programu ya kwanza ya Germana, na alikuwa ameitengeneza kwa ajili ya mtu mmoja. Alisimama pale akisubiri.

"Ndiyo hiyo tu?" Hilary akasema.

Baadaye, kila alipoikumbuka siku ile, alijaribu kujishawishi kwamba alikuwa amechoka. Hakuwa amechoka.

Sasa, Germana alikuwa na mama yake mkubwa, Mama Lukresia, aliyelima vitunguu kule Baray, chini kuelekea Ziwa Eyasi, kwenye mashamba yanayonyweshwa kwa mfereji. Kaya mia mbili hivi zilitegemea mfereji ule, kila moja ina siku yake ya kufungua maji, na zamu ilizunguka kila baada ya siku nane. Mwenyekiti wa mfereji, Mzee Josephati, aliandika zamu kwenye daftari. Daftari likilowa, au mtu akidai siku yake imerukwa, majembe yaliinuliwa. Mama Lukresia alikuwa mjane na asiye na sauti kubwa, kwa hiyo zamu iliyorukwa mara nyingi ilikuwa yake.

Germana akatengeneza programu, akaiita Zamu. Ukiifungua ilikuambia jambo moja kwa maandishi makubwa: leo maji ni ya nani, na yako ni lini. Haikuhitaji bando la intaneti. Ukiachiana zamu na jirani, mliiandika humo, na ikabaki kumbukumbu ambayo hakuna wa kuibishia. Aliipeleka Baray mwezi wa Juni, ikahamishwa kutoka simu hadi simu kama picha za harusi. Kufikia katikati ya Julai kaya mia na arobaini zilikuwa nayo.

Hapo punje ya mchanga ikawa jiwe.

Watu walianza kufika kwenye kibanda cha bluu bila simu mbovu. "Samahani, hapa ndipo kwa mume wa yule dada wa Zamu?" Hilary aliinua kichwa, lenzi ya kukuzia ikiwa bado jichoni, akajibu kwamba ndipo. Siku nyingine dereva mmoja, mtu aliyemfufulia simu tatu, alimpigapiga begani: "Kumbe akili yote iko nyumbani, wewe huku unashika bisibisi tu." Dereva alikuwa anatania. Hilary alitabasamu na kuunguza kidole kwenye chuma cha kulehemu.

Kata ilipoitisha mkutano wa wakulima, Germana alialikwa kueleza kazi yake. Hilary alikwenda naye, akaketi mstari wa nyuma karibu na spika. Alimwona mkewe akiongea bila karatasi, mkono mmoja mfukoni mwa sketi, na wazee waliokuwa wakimwita "mtoto wa fulani" wakimwita "mtaalamu". Mwishoni ofisa mmoja akasema, "Na mume wake tunaye pia, asimame tumwone." Akasimama. Wakampigia makofi kwa kusimama kwake.

Pia kulikuwa na Inosenti. Huyu alikuwa muunda programu wa Moshi ambaye Germana alikutana naye kwenye kundi la WhatsApp la watu wa kazi hiyo. Hawakuwa wamewahi kuonana. Alimsahihishia makosa, alimpa maelekezo kwa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa nzito na yenye utulivu, ya mtu asiyekuwa na haraka. Siku moja simu ya Germana ilikuwa inachaji kibandani, ujumbe ukaingia. Hilary akausoma. *Kazi safi sana, Germana. Kichwa chako ni cha peke yake.* Aliusoma mara sita. Alitafuta neno baya ndani yake na hakulipata, na kutolipata kukamuuma zaidi, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kumwandikia mkewe maneno kama hayo.

Akaendelea kusikiliza rekodi za sauti. Moja ilikuwa inahusu ufunguo. "Dada, sikiliza vizuri," Inosenti alikuwa akisema. "Ulipotoa programu, ile SDK ilikutengenezea faili dogo, ndilo ufunguo wako wa saini. Kila simu iliyopokea Zamu inautambua huo tu. Ukileta toleo jipya bila ufunguo ule, simu italikataa kama mgeni. Usiupandishe mtandaoni, na usiupoteze. Ukipotea, hata mimi siwezi kukusaidia."

Hilary akairudisha simu kwenye chaji kama alivyoikuta.

Jumapili moja mwishoni mwa Julai, Germana na Anneth walikwenda Misa ya pili. Germana alikuwa kwenye kwaya. Hilary alibaki kwa sababu dereva mmoja alimwachia simu aliyoitaka kabla ya safari ya jioni, na kwa simu ile alihitaji kupakua mfumo mzima. Laptopu ikamwambia imejaa. Alifungua kuona kilichoijaza: folda ya SDK, kubwa kuliko vitu vyake vyote vikijumlishwa.

Akaitazama. Laptopu ilikuwa yake. Aliinunua yeye, kwa kazi yake, na leo hii ilimwambia hana nafasi.

Akaifuta. Jambo hilo angeweza kulieleza mbele ya mtu yeyote. Lakini pembeni palikuwa na folda nyingine, ndogo, yenye kazi za Germana, akaifuta pia. Na ndani ya folda ya tatu kulikuwa na faili moja lisilochukua nafasi hata ya picha moja, limeandikwa *ufunguo-zamu*. Mshale ulisimama juu yake. Kutoka kanisani, mtaa wa pili, alisikia kwaya ikiimba wimbo wa matoleo, na alijua kabisa ni sauti ipi kati ya zile ilikuwa ya mkewe. Akabonyeza. Kisha akaenda mahali laptopu inapotunza vitu vilivyofutwa, akapafuta na pale.

Akaipakia ile simu ya dereva, ikawaka vizuri.

Jioni Germana alifungua laptopu, akapekua folda moja baada ya nyingine.

"Baba Anneth, vitu vyangu havipo."

"Ilikuwa na virusi," Hilary akasema bila kugeuka. "Imenibidi nisafishe."

"Virusi."

"Ndiyo. Ingekula kila kitu."

Mtu mwingine angebishana. Germana hakubishana, kwa sababu mumewe alikuwa fundi, na katika mambo ya mashine neno lake ndilo alilolitegemea tangu walipooana. Alisema tu, "Basi ungeniambia kwanza," akaenda jikoni. Maandishi ya programu yake yalisalimika, maana Inosenti alimfundisha kuweka nakala mtandaoni. SDK aliipakua upya, siku nyingine tisa za chakula cha mchana. Ufunguo hakuupata popote. Alimuuliza Inosenti, naye akamjibu kwa huzuni kile alichokwisha kusema. Germana akajifariji kwamba Zamu inafanya kazi vizuri na haihitaji toleo jipya kwa sasa.

Wiki moja ikapita, Hilary akajisikia mwepesi. Baada ya hapo wepesi ukamwisha, na hakujua ulikokwenda.

Kosa lilikuwa limelala ndani ya Zamu tangu mwanzo. Germana alikuwa ameihesabia programu kila mwezi siku thelathini. Juni ilipita salama. Julai ilipokwisha na siku yake ya thelathini na moja, simu zote mia na arobaini zikachelewa siku moja nyuma ya daftari la Mzee Josephati. Waliofuata daftari walifungua maji siku ya kweli. Waliofuata simu walifika kesho yake wakakuta mlango wa maji umeshafunguliwa kwa mwingine. Palitokea ugomvi kwenye mfereji, mtu mmoja akakatwa kiganjani alipokuwa akizuia jembe.

Germana alilisahihisha kosa kwa saa mbili. Akalituma toleo jipya kwa Mzee Josephati, na simu ya mzee ikajibu kwamba programu haikuwekwa. Akajaribu kwa mwingine, ikawa vile vile. Simu zilikuwa zinamwona mgeni. Njia pekee iliyobaki ilikuwa kila mtu aifute Zamu ya zamani, pamoja na kumbukumbu zote za msimu za nani alimwachia nani maji, ndipo aweke mpya. Alipowaeleza kwa simu, wengi walikataa. Wengine walidhani ni utapeli.

Hilary aliyajua haya yote kwa kuyasikia mezani. Alikula, akanawa, akasema pole.

Kisha siku ya mnada Mama Lukresia alipanda kutoka Baray, akaja moja kwa moja kwenye kibanda cha bluu. Alikuwa mama mwembamba, viatu vya plastiki vimejaa vumbi jeupe la kule chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea huyu mgonjwa." Akaweka simu yake juu ya kioo. Ilikuwa simu ndogo ya kupangusa, ufa ukipita kutoka kona hadi kona. "Inanidanganya siku. Mara ya kwanza nilidhani ni mimi nimesahau, nikaona haya kumwambia mtu. Mara ya pili nikakuta maji yamepita tena. Germana anasema ni programu, lakini mimi nikasema hapana, programu ya mwanangu haina ubaya, ni simu yangu imezeeka. Wewe unaziponya. Iangalie."

Akafungua pembe ya kanga yake, akatoa vitunguu vinne, akavipanga mbele yake. Vilikuwa vidogo kama ndimu, ngozi imejikunja.

"Hivi ndivyo vilivyotoka kwenye jaruba la mwisho," alisema. "Si vya kuuza. Nimekuletea tu, nisije mikono mitupu."

Hilary alichukua simu, akaigeuza. Haikuwa na ugonjwa wowote. Alifungua kifuniko, akafunga. Alifungua tena. Mikono iliyotengeneza simu za mji mzima haikujua ifanye nini.

"Mama, simu yako ni nzima," akasema mwishowe.

"Basi kilichoharibika ni nini?"

Alimwomba akae kwenye benchi, akaenda kumnunulia chai na chapati kwa jirani, akasimama dukani muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Aliporudi alimwambia atalishughulikia, akamsindikiza hadi kwenye gari la kushuka. Halafu akafunga kibanda mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya isipokuwa siku ya msiba, akapanda pikipiki kwenda lodge.

Germana alitoka nje akiwa na sare yake ya kazi, akamkuta amesimama karibu na ukuta wa maua.

"Anneth ana nini?"

"Anneth mzima. Ni mimi. Hakukuwa na virusi."

Germana alimtazama. Nyuma yao gari la watalii lilikuwa linashusha mizigo, na mtu alicheka.

"Nilifuta mimi. SDK niliifuta kwa sababu ya nafasi. Vingine nilivifuta tu."

"Na ufunguo?"

"Na ufunguo."

"Ulijua ule ufunguo ni nini?"

Hapo angeweza kusema hapana. Yeye ni fundi wa vyuma na waya, asingelaumiwa kwa kutojua. Na Germana, kwa jinsi alivyouliza, alikuwa kama anamfungulia mlango apite.

"Nilijua. Nilisikiliza rekodi za Inosenti."

Germana akakaa kwenye ngazi. Hakulia. Alikaa akitazama viatu vyake vyeusi vya kazi, na Hilary akatamani amtukane.

"Kwa nini?"

"Wivu."

"Wa Inosenti?"

"Wa Inosenti. Na wako. Wako zaidi." Maneno yalikuwa yanatoka kama skrubu zilizoota kutu. "Walikuwa wanakuja kwangu mimi, Mama Anneth. Sasa wanakuja kukuulizia wewe."

"Inosenti ni mwanamume, ana akili, na nikisema ananisikiliza. Zaidi ya hapo hakuna kitu. Ungeniuliza ningekwambia hivyo hivyo." Akasimama, akajipangusa sketi. "Mimi nilikuwa nakuja na kila kitu kwako kwanza. Ile ya kwanza kabisa nilikuandikia wewe. Unakumbuka ulichosema?"

"Nakumbuka."

"Basi utakwenda Baray. Nyumba kwa nyumba. Na usiwaambie ni virusi."

Akarudi ndani kupokea wageni. Kwa majuma matatu hakumwita Baba Anneth wala Hilary. Alimwambia "chakula kipo" na "funga mlango", basi.

Hilary aliweka karatasi kwenye kibanda, *Fundi amesafiri*, akateremka Baray na daftari jipya, laptopu na mfuko wa waya. Kazi ilikuwa hivi: kwenye kila simu anasoma kumbukumbu za msimu moja baada ya nyingine, anaziandika daftarini, mwenye simu anathibitisha, anaifuta Zamu ya zamani, anaweka mpya yenye ufunguo mpya, kisha anarudisha kumbukumbu zote kwa kidole. Kaya mia na arobaini. Alilala kwa Mzee Josephati, na siku ya kwanza aliona afadhali aanze na mzee mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyeupoteza ufunguo, mzee. Si Germana. Niliufuta kwa makusudi."

"Makusudi ya nini?"

"Nilimwonea wivu."

Mzee alikuwa anachonga mpini. Aliendelea kuchonga. "Mke wako mwenyewe," alisema.

"Ndiyo."

"Kuna mtu hapa ana nyuzi sita kwenye kiganja." Akainua mpini, akautazama kama umenyooka. "Utaanza na nyumba yake. Ukirudi utakuta uji."

Mwenye nyuzi sita alimsikiliza hadi mwisho, akampa simu kwa mkono wa kushoto, ule mzima, na hakumkaribisha kukaa. Nyumba nyingine walicheka, wanaume hasa, na kicheko chao kilikuwa kigumu kuliko matusi. Mwanamke mmoja alimuuliza mbele ya mashemeji zake kama Germana bado anampikia. Kila mahali aliulizwa swali lile lile, "Wewe ndiye mume wa Germana?" na kila mahali alijibu, "Ndiye mimi." Siku tatu za kwanza jibu lilimkwama. Kufikia siku ya sita lilitoka, ingawa halikuwa tamu.

Kwa Mama Lukresia alifika siku ya nne. Alimweleza akiwa amesimama, maana hakuthubutu kukaa. Mama yule akampa simu, akaingia ndani. Hilary alifanya kazi peke yake uani, akaiacha simu juu ya kinu, akaaga mlango uliofungwa. Hakuitikiwa. Msimu ule wote Mama Lukresia hakumsemesha, na msimu uliofuata alimwitikia salamu, si zaidi.

Ilipofika nyumba ya themanini hivi, Hilary aliona kitu ambacho mtu aliyekaa mbele ya laptopu asingekiona. Simu za Baray zilikuwa na vioo vilivyovunjika, na nyingi zilikuwa zimekufa upande wa chini, pale zinapopokea pigo la kwanza zikianguka shambani. Kitufe cha Zamu kilikuwa chini kabisa. Watu walikuwa wanakibonyeza mara kumi, wanakata tamaa, wanamuuliza jirani. Wazee wengine walikuwa hawajawahi kukifungua wenyewe hata mara moja. Jioni alimpigia Germana. Yalikuwa mazungumzo yao ya kwanza marefu tangu siku ya lodge.

"Kitufe kipandishe juu," alimwambia. "Simu thelathini na nne kati ya themanini zimekufa chini. Nimezijaribu zote."

Kisha akasikia vidole vyake kwenye vibonyezo.

"Juu kabisa au katikati?"

"Katikati, kuelekea kulia. Hapo huwa pazima."

"Nitakutumia kabla ya asubuhi," Germana akasema. Kisha akaongeza, "Ufunguo mpya ninao kwenye flashi tatu. Hutaambiwa zilipo."

"Sawa," Hilary akajibu.

Alirudi Karatu baada ya siku kumi na saba, mweusi kwa jua, daftari limejaa. Wateja wengine walikuwa wamehamia kwa fundi mwingine na hawakurudi. Germana alimrudia pole pole, kwa hatua ambazo hakumtangazia. Siku moja alimwita Baba Anneth akiwa amejisahau, na hakulifuta neno. Siku nyingine alimwekea mezani simu yenye toleo jipya, akasema, "Iangushe uone." Kwenye ukurasa wa mwisho wa Zamu jina lilikuwa la Germana peke yake. Hilary aliliangalia jina lile kwa muda mrefu kuliko alivyopenda, na wivu ulikuwa pale pale, mzima, umekaa kifuani. Kilichobadilika ni kwamba sasa aliujua uso wake.

Mwaka uliofuata Germana alipata nafasi ya mafunzo ya wiki mbili Arusha, ya waunda programu. Inosenti angekuwepo. Hilary alimbebea begi hadi stendi.

"Una wivu?" Germana akamuuliza, mguu mmoja ukiwa kwenye ngazi ya basi.

"Ninao."

"Mwingi?"

"Mwingi."

Akamtazama, akatikisa kichwa kidogo, akapanda. Basi likaondoka. Hilary alisimama mpaka lilipokata kona, akafungua kibanda, akafanya kazi vibaya mchana kutwa.

Jioni, Anneth akiwa anaandika kazi ya shule mezani, simu ikaita. Sauti ya Germana ilikuwa ndogo. Mafunzo yalikuwa magumu, akasema. Wenzake wote walisoma chuo. Walikuwa wanataja vitu ambavyo hajawahi kuvisikia. Na kulikuwa na msichana mmoja wa Mwanza, wa miaka ishirini na mbili tu, ambaye kila swali alilijibu kabla mwalimu hajamaliza kuuliza.

"Nimemchukia," Germana akasema. "Hajanifanya kitu chochote. Leo amesahau kompyuta yake wazi, nikapita karibu, na nikaiangalia kwa jicho ambalo silijui. Niseme nini?"

Hilary alivuta stuli, akatoka nayo nje ili mtoto asisikie, akaketi karibu na ukuta. Hapo ndipo akamweleza mambo ambayo hakuwahi kumweleza mtu: lile jiwe lilivyoanza kama punje, jinsi alivyotafuta neno baya ndani ya ujumbe mzuri, jinsi ule wepesi wa wiki ya kwanza ulivyokuwa wa uongo. Akamwambia asubuhi amwendee msichana yule, amuulize swali moja ambalo kweli hajui jibu lake.

"Wewe ungeweza?" Germana akauliza.

"Sikuweza," Hilary akasema. "Ndiyo maana najua."

Wakaongea mpaka chaji ya simu ya Hilary ikaisha.